Jioni Baba Alipokaa Kitini

Majira ya baridi mama yangu huganda saa kumi na moja jioni. Majira ya joto huganda saa kumi na mbili. Nilikuwa binti mkubwa tayari nilipong'amua kwamba mwili wake unafuata saa za nyumbani, na nyumbani hawasogezi saa mbele na nyuma kila mwaka kama Wabelgiji. Wakati ukifika, popote alipo katika fleti yetu ya Ixelles, hapa Brussels, anasimama wima. Kama anasonga bukari, mwiko unabaki umechomekwa sufuriani. Kama anaongea, sentensi inakatika katikati. Kama amekaa, anainuka. Kichwa kinainama, mikono inashuka ubavuni, macho yanatazama sakafu. Halafu anavuta pumzi na kuendelea na sentensi ileile pale alipoiacha, na ukimuuliza atasema hajui unazungumzia nini.

Sikuwa mtoto mwenye huruma. Nilikuwa nampigia kelele: Mama, chakula kinaungua! Siku moja nilimpungia mkono usoni, kisha nikachuchumaa miguuni pake ili nimtazame kutoka chini. Macho yake yalikuwa wazi, makavu, na hayakuniona. Sikurudia tena mchezo huo.

Leo kazi yangu ni viungo vya watu. Nakanda migongo, nanyoosha magoti, nawafundisha wazee waliovunjika nyonga kutembea upya. Kliniki yangu iko Auderghem, karibu na msitu. Misuli ya mtu husema mambo ambayo mwenyewe hayasemi, na mimi nilijiona hodari wa kuyasoma. Kwa hiyo nilikata shauri kwamba mama ana ugonjwa na mimi sina.

Hakuwa peke yake. Watu wa mji wetu wako wengi Brussels. Ukitaka kuwajua, simama mbele ya metro ya Porte de Namur saa hiyo, watu wakitoka kazini, na utazame. Umati unakwenda, mabasi yanapishana, na katikati yake mwanamke mwenye mfuko wa ndizi anasimama. Mbele kidogo, kwenye ngazi, mwanamume mwenye koti zuri na mkoba wa ofisini anasimama. Mlangoni mwa saluni, msusi anasimama na nywele za mteja mkononi. Hawajuani, hawaangaliani. Wapita njia wanawagonga mabega, wanaguna, wanaendelea na safari zao. Hakuna mlio wowote. Lakini mimi, niliyeletwa hapa nikiwa na miaka saba, masikio yalikuwa yakiniziba kama ya mtu aliyezamisha kichwa kwenye maji, na nilijiambia ni upepo wa metro.

Kule nyumbani watu walisimamishwa na king'ora, na king'ora chenyewe kilikuwa cha karakana ya reli. Mji wetu ulizaliwa na reli, na nchi siitaji, kwa sababu wanaoijua hawahitaji kutajiwa. Kabla Jenerali hajaitwaa nchi, king'ora kililia jioni kuwaambia wafanyakazi kwamba zamu imekwisha, na wanawake wakisikia walijua waweke maji ya kuoga jikoni.

Watu wa hapa wakiniuliza habari za Jenerali wanataka nianze na buti na bunduki. Nawakatisha tamaa. Yeye alikuja na sukari. Ilikuwa imepotea madukani muda mrefu, na wenye maduka walikuwa wakiificha na kucheka. Asubuhi moja redio ikapiga muziki wa jeshi tangu alfajiri, kisha ikaja sauti ya kanali mmoja ambaye hatukuwahi kumsikia. Mama anasema ilikuwa sauti ya chini, ya pole, kama ya mtu anayeongea kando ya kitanda cha mgonjwa. Kabla mwezi haujaisha sukari ilirudi. Wanawake walitoka kucheza barabara ya stesheni, na mama alicheza nami nikiwa mgongoni.

“Nilimuchezea,” aliniambia siku moja, bila kuinua macho kutoka kwenye mboga aliyokuwa akichambua. “Na nilicheza muzuri. Bon. Ni vile.”

Kanali akajipandisha kuwa Jenerali. Kisha akaomba kitu kidogo tu: dakika moja ya heshima kila jioni kwa ajili ya askari waliokufa. King'ora cha karakana kikilia, kila mtu asimame alipo, na kikilia cha pili aendelee na shughuli zake. Nani angemnyima maiti dakika moja? Dakika ikawa mbili, ikawa muda wowote aupendao. Halafu ikatangazwa kwamba heshima ni kuinamisha kichwa. Halafu askari wakaanza kutembea katika ule ukimya, wakiangalia nani anatikisika. Waliotikisika walichukuliwa, na waliochukuliwa hawakurudi. Sisi watoto tuliufanya mchezo. Tulishindana nani ataganda vizuri zaidi, na mimi nilisifiwa.

Mwishowe akaanza kupita mwenyewe. Alikuwa na nyumba ya mapumziko ng'ambo ya mji, na alipenda kwenda huko jioni. King'ora cha kwanza kililia gari lake likiingia mjini, na cha pili hakikulia mpaka limetoka. Katikati alipita polepole, vioo vimeshushwa, kwenye mitaa iliyojaa watu wasiosogea. Mbwa tu na kuku ndio waliotembea. Watu walinong'ona kwamba anaupenda ukimya ule kuliko pombe, na mimi naamini.

Baba yangu alikuwa fundi wa mabehewa. Mguu wake wa kulia ulibanwa kati ya mabehewa mawili kabla sijazaliwa, na haukupona sawasawa. Alikuwa na kiti chake mlangoni, cha mbao, chenye mto mama alioushona, na kiti hicho kililia kila alipokikalia. Kwangu mlio huo ulikuwa na maana kwamba baba amerudi.

Jioni ile king'ora cha pili kilichelewa. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, nimesimama kama nilivyofunzwa, natazama vidole vyangu vya miguu. Baba alikuwa nje amesimama kando ya kiti chake, na mama hatua chache kutoka kwake, mbele ya meza ya kuoshea vyombo. Nakumbuka nililisikia gari kwa mbali. Nakumbuka kiti kililia. Nakumbuka mlango wa gari ulifunguliwa, na maneno ambayo sikuyashika, na buti. King'ora kilipolia nilitoka nje, na mto ulikuwa bado umebonyea. Mama alikuwa akiosha sahani.

Kwa miaka yote hiyo ndicho nilichokijua. Baba alikaa, akachukuliwa. Nilipomuuliza mama aliona nini, jibu lake lilikuwa moja: “Sikuona kitu. Nilikuwa naangalia chini.” Ndilo jibu la kila mtu wa mji wetu. Wote walikuwa wanaangalia chini.

Tulitoroka mwaka uliofuata. Miaka mingi baadaye wanajeshi wengine walimpindua Jenerali, naye akatoroka pia, na kwa kuwa dunia haina aibu, akaja Brussels. Alipata nyumba yenye bustani Auderghem. Habari hiyo ilinong'onwa kanisani kwetu baada ya misa, kwenye kahawa, na hakuna aliyesema la zaidi. Nilipopata kazi katika mtaa huohuo nilijiambia ni bahati mbaya tu. Nilijua yuko, kama unavyojua kuna panya nyuma ya kabati, na nilishughulika na magoti ya watu.

Wakati huo wakili mmoja, mwanamke wa Kibelgiji mwenye mvi na viatu vya kutembelea milimani, alikuwa akija kwenye ukumbi wa kanisa kutafuta mashahidi. Sheria ya hapa, alitueleza, inaweza kumfikia mtu kama yule kwa aliyoyafanya kwingine. Alikuwa na wajane wengi na mayatima wengi. Alichokosa ni mtu aliyemsikia Jenerali mwenyewe akitoa amri. Wakili wa Jenerali alikuwa akisema kila mahali kwamba mteja wake alikuwa mji mkuu akitia saini mikataba, na askari wa mitaani walifanya ya kwao. Mama alimpokea kwa heshima, akampa chai, akamwambia: “Naangalia chini, maman. Niko naangalia chini.” Wakili alirudi tena na tena, na kila mara alipewa chai.

Kisha ukaja ule mwisho wa vuli. Saa zilikuwa zimerudishwa nyuma juma lile, na giza lilikuwa linaingia mapema. Nilikuwa nimegombana na mteja mmoja mjeuri, nikaamua nipitie msituni kidogo nipoze hasira kabla ya kupanda basi. Miti ya pale ni mirefu, myeupe kidogo, na imesimama imenyooka, na majani yalikuwa yamefunika njia kiasi kwamba hatua hazisikiki. Masikio yakaniziba. Nilifikiri ni mafua.

Miguu yangu ikasimama. Sikuiambia isimame. Kichwa kikainama, mikono ikashuka ubavuni, na nikajikuta natazama majani kati ya viatu vyangu. Nilitaka kuinua shingo nikashindwa. Mimi, ninayelipwa kunyoosha shingo za watu! Nilisikia kitu kikija polepole, na fimbo ikigusa ardhi. Mbwa mdogo akaja kunusa kiatu changu. Baada ya mbwa vikaja viatu vya mwanamume, vya kahawia, vimepigwa rangi vizuri, na vikasimama mbele yangu.

Alibaki pale akinitazama. Sijui kwa muda gani. Nilisikia pumzi yake, na nilijua kwamba ameshaelewa ninatoka wapi, kwa sababu hakuna Mbelgiji anayesimama hivyo msituni.

“Repos,” akasema.

Ni neno la jeshi, la kumwambia askari alegeze mwili, apumzike. Alilisema kwa upole kabisa, kama mtu anayemshukuru mhudumu wa hoteli. Na shingo yangu ikalegea. Magoti yakalegea. Yalimtii yeye kabla ya kunitii mimi. Nilipoinua macho alikuwa amenipita, mzee mwembamba mwenye skafu iliyozungushwa mpaka kidevuni, akitembeza mbwa wake kuelekea kwenye taa za barabara. Kwenye basi nililia kwa hasira, na mwanafunzi aliyekaa karibu nami akahama kiti.

Mama alikuwa jikoni. Nilimweleza yote bila kuvua koti, nikidhani atanifariji.

“Alisema nini?”

“Repos.”

“Na sauti gani?”

“Ya upole, mama. Ya upole kabisa.”

Mama alizima moto chini ya sufuria. Alifuta mikono yake polepole, kila kidole, kwa kitambaa cha jikoni. “Ita ule avocat,” akasema, yaani yule wakili wa kanisani. “Mwambie aye. Na leo sitamupikia chai.”

Mambo ya sheria hayana haraka. Ilipita miaka, na katika miaka hiyo nilimchukia kila karani aliyetuambia tungoje. Mama hakunieleza alichomwambia wakili faraghani. Aliendelea kuganda jioni, na sasa mimi pia niliganda, mara chache, mahali popote, hata na goti la mgonjwa mikononi. Nilimwambia mgonjwa nasikiliza mfupa.

Kesi ilianza wakati wa baridi, katika lile jumba kubwa la sheria ambalo limezungukwa na majukwaa ya mafundi tangu kabla hatujafika nchi hii. Mbele walikaa wananchi kumi na wawili wa kawaida waliochaguliwa kuamua, nyuso zao zikiwa na hofu ya wanafunzi siku ya mtihani. Sisi tulijaza mabenchi ya nyuma. Wakili wetu alikuwa ametufundisha: mkimwona, kaeni kimya, msipige kelele, msilie kwa sauti. Tuliahidi. Majaji walikuwa hawajaingia. Mlango wa pembeni ukafunguliwa, fimbo ikagusa sakafu ya mbao, na Jenerali akaingia na skafu yake.

Tulisimama. Mabenchi yote, kwa pamoja, kama mtu mmoja. Vichwa vikainama. Hakuna aliyeamua. Nilikuwa nimemshika mama mkono, na sijui ni nani kati yetu aliyemwinua mwenzake. Kulikuwa na ukimya ambao sijausikia tena tangu mji wetu, na katika ukimya huo fimbo ilitembea mpaka kwenye kiti chake, na kiti kikavutwa, na yeye akakaa. Ndipo tukaweza kukaa. Mmoja wa wale kumi na wawili, kijana mwenye miwani, alikuwa amepauka usoni.

Kosa hilo lilikuwa letu sisi tu, hakuna watu wengine duniani ambao wangelifanya, na wakili wa Jenerali hakuliacha lipite bure. Kesho yake alisimama mbele ya mahakama, akanyoosha mkono kutuelekea sisi. Mabibi na mabwana, akasema, mnaambiwa huyu ni mchinjaji. Jana mmewaona watu wake. Hakuna aliyewalazimisha. Hivi mtu humwinukia mchinjaji wake kwa heshima kiasi hicho? Ningeweza kumng'ata.

Tulijaribu kila njia. Nje, kwenye ngazi, tuliapishana kwamba siku inayofuata hatutainuka. Mzee mmoja alijifunga kwenye benchi kwa mkanda wa koti lake. Fimbo ilipogusa sakafu tuliinuka wote, na yeye mkanda ukamzuia nusu, akabaki amepinda kama mtu mwenye maumivu ya tumbo, machozi yakimtoka. Hakuna aliyecheka. Jioni ile mama alitembea nami hadi Porte de Namur, kisha akasema: “Nikiwa mbele yake, nitafanya namna gani?” Niliogopa kwamba siku yake ikifika ataganda mbele ya kila mtu, na wale kumi na wawili wataona mwanamke aliyekuja kumheshimu muuaji wa mume wake.

Siku yake ilifika. Aliomba kusema kwa Kiswahili chetu, akapewa mkalimani, bwana mmoja wa Kitanzania mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Jaji mkuu, mwanamke mwenye sauti ya mwalimu, alimwonyesha kiti cha shahidi. Mama hakukaa. Alisimama kando yake, mikono ubavuni, kichwa chini, na jaji hakumlazimisha. Basi ni hivi, niliwaza, ameshaganda.

Lakini alianza kuongea, akiiambia sakafu.

“Nilikuwa nasimama hivi. Vile munaniona. Bwana yangu muguu ilikuwa inamuuma, akaikala. Nilisikia kiti. Niliomba Mungu king'ora ilie. Haikulia. Auto ikasimama. Yeye mwenyewe akatoka.” Hakuinua mkono kumwonyesha. “Akakaribia. Akasema: Papa, umechoka? Bwana yangu akasema: Ni muguu, mon général. Yeye akasema: Pole, papa. Akaambia basoda, baaskari yake: Mumupeleke akapumuzike. Na sauti ya upole. Hakukasirika hata kidogo.”

Mkalimani alipolifikia neno “akapumzike” aliomba maji. Mimi nilikuwa nimeshika benchi kwa mikono miwili. Sasa nilijua kwa nini alizima moto jioni ile.

“Banamubeba,” mama akaendelea. “Bwana yangu banamubeba, na mi nasimama. Sikusogea. Sikuinua kichwa. King'ora ya pili ikalia, nikamaliza kuosha sahani. Njo vile ilikuwa. Muniandike vile.”

Wakili wa Jenerali aliinuka taratibu. Alikuwa na adabu, hilo siwezi kumnyima. Bibi, akasema, kila shahidi hapa ametueleza kwamba vichwa viliinamishwa. Wewe mwenyewe umesema hukuinua chako. Askari wengi wana sauti za upole. Ulimwonaje mtu uliyekuwa humtazami?

“Kwa mayi,” mama akasema.

Mkalimani akatafsiri: kwenye maji. Wakili akatabasamu kidogo.

“Nilikuwa nasuuza sahani. Beseni iko mbele yangu, kubwa, mayi safi. Naangalia chini, naangalia mayi. Yeye alikuya karibu, akasimama juu yangu, hivi. Uso yake iliingia mu beseni, kando ya yangu. Niliiona mupaka alirudi mu auto. Niko naiona kila siku, saa ileile. Munafikiri naangalia nini?”

Hapo nikakumbuka macho yake makavu nilipochuchumaa miguuni pake nikiwa mtoto, macho yasiyoniona. Yalikuwa yanatazama beseni.

Picha za Jenerali zilikuwa kila mahali, wakili akasema, kwenye maduka, mashuleni, kwenye noti. Mtu yeyote angeweza kuueleza uso wake.

“Picha ni ya mbele,” mama akajibu. “Mu mayi unaona muntu kwa chini. Yeye iko na kovu chini ya kidevu, huku, ndefu. Ku picha haiko. Hakuna mu—”

Hakumaliza. Chumba kizima kilikuwa kimemgeukia Jenerali, kwa sababu mkono wa Jenerali ulikuwa umeinuka. Hakuna aliyemwomba afanye lolote. Jaji alikuwa hajafungua kinywa. Mkono ulipanda wenyewe mpaka kwenye skafu, ukaibana chini ya kidevu, ukabaki pale. Yeye mwenyewe alionekana kuushangaa. Aliuteremsha, na baada ya kitambo kidogo ukapanda tena. Yule kijana mwenye miwani aliandika kitu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona mtu yule akisalitiwa na mwili wake kama sisi tunavyosalitiwa na yetu, na sitadanganya, nilifurahi sana.

Jaji alimwomba avue skafu. Wakili wake alipinga, wakabishana kwa maneno ya kisheria, na mwishowe daktari akaitwa. Kovu lilikuwepo.

Uamuzi ulisomwa siku nyingine, alasiri, mvua ikipiga vioo. Tulikuwa wote mabenchini. Tulikuwa tumeinuka alipoingia, kama kawaida, na mama pia. Jaji alimwambia mshtakiwa asimame asikilize, akaanza kusoma. Karatasi zilikuwa nyingi. Kwa kila mtu aliyechukuliwa kulikuwa na swali, je, mshtakiwa ana hatia, na wale kumi na wawili walikuwa wamejibu. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Nje kulikuwa kumeanza giza. Jenerali aliegemea fimbo yake kwa mikono miwili, na nikaona, kwa jicho la kazi yangu, kwamba nyonga ya kushoto inamuuma na goti limeanza kutetemeka.

Akainua mkono. “Madame la présidente,” akamwambia jaji, kwa ile sauti ya kando ya kitanda cha mgonjwa. “Mguu wangu unaniuma. Naomba kukaa.”

Jaji alimtazama juu ya miwani yake. “Kaa, bwana,” akasema, akageuza ukurasa.

Akakaa. Kiti kikalia.

Ulikuwa mlio uleule. Najua viti vyote vya mbao vikizeeka hulia hivyo, lakini nilikuwa tena nyuma ya pazia, mtoto wa miaka sita, natazama vidole vyangu, na masikio yameniziba. Ilikuwa saa kumi na moja. Nikasimama. Pande zote mbili nilisikia mabenchi yakinyanyuka, nguo zikisugua nguo, watu wetu wakiinuka mmoja mmoja na kuinamisha vichwa. Nilingoja buti. Nilingoja mtu aje amchukue yule aliyekaa.

Hakuna aliyekuja. Jaji aliendelea kusoma. Nilitazama kwa pembe ya jicho, chini, mahali ambapo miguu ya mama ilipaswa kuwa imesimama kando ya yangu, na nikaona magoti yake, na mikono yake juu ya magoti. Mama alikuwa amekaa. Kichwa chake kilikuwa juu, na alikuwa anamtazama Jenerali usoni, kwa mbele, bila maji.

“Bamemuacha aikale,” akasema, na hakunong'ona. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni na hakuyafuta. “Ona. Muntu muguu inamuuma, anaomba kuikala, banamuacha anaikala. Ni ile tu. Ilikuwa ni ile tu.”

Kisha akanivuta mkono wa koti kwa nguvu, kama anavyomvuta mtoto mtukutu kanisani. “Ikala, mwanangu.”

Magoti yangu yalikataa. Yalingoja king'ora cha pili, na mimi nikajua hakitalia kamwe, kwamba aliyekuwa na mamlaka ya kukiliza ni yule mzee aliyekaa pale akikanda nyonga yake. Nikayakunja kwa kuyalazimisha, yakiuma, kama ninavyowakunjia wagonjwa wangu, mpaka benchi likanipokea. Nilikuwa bado natetemeka jaji alipolifikia jina la baba. Alilisoma lote, taratibu, na hakukosea hata herufi, na nililisikia nikiwa nimekaa.